Usikimbilie Kurahisisha: Mhadhara wa Uwezekano kwa Walimu, Wazazi na Wanafunzi wa Kisumu

Hamjambo nyote. Walimu wangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioitoa Jumamosi yenu, ahsanteni. Nitafanya hesabu chache tu, lakini tutazifanya polepole.

Twende Dunga, ufuoni. Mama muuza samaki ana beseni lenye samaki 20: ngege 12 na mbuta 8. Tuseme wote wanalingana ukubwa, maana mbuta mkubwa mkono ungemtambua na hesabu yetu ingeharibika. Kila samaki lazima awe na nafasi sawa ya kushikwa. Mama anafumba macho, anatoa mmoja. Kuna uwezekano gani kuwa ni mbuta?

Tunaowataka ni 8, wote ni 20. Basi ni 8/20. Gawanya juu na chini kwa 4, unapata 2/5. Naona vichwa vinatikisika. Hapa hakuna anayepotea.

Sasa mama hamrudishi yule wa kwanza. Anatoa wa pili. Kuna uwezekano gani kuwa wote wawili ni mbuta?

Mwanafunzi aliyefundishwa kurahisisha kila sehemu kama 8/20 papo hapo anaitazama ile 2/5, anaondoa mmoja juu na mmoja chini, anaandika 1/4. Kisha 2/5 × 1/4, jibu 1/10. Ameandika kwa mwandiko mzuri, na amekosa. Beseni halikuwa na samaki watano! Lilikuwa na 20, wakabaki 19, na mbuta wakabaki 7. Jibu ni 8/20 × 7/19, yaani 56/380, na ukigawanya kwa 4 unapata 14/95. Hiyo ni karibu 15 kwa kila 100, si 10.

Walimu, naomba tulitazame kosa hili kwa makini kabla ya kulipiga msalaba mwekundu. Mtoto anajua kuzidisha, na anajua kwamba samaki wamepungua. Kilichomwangusha ni kwamba 2/5 na 8/20 zina thamani moja, lakini 8/20 bado inakumbuka beseni, na 2/5 imeshalisahau. Akitaka kuzidisha 2/5 kwa 7/19 apunguze kazi, ruhusa, atafika 14/95 vilevile. Asichoweza ni kuhesabu samaki kutoka ndani ya 2/5.

Jambo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 17, mwanasayansi Galileo aliandika kuhusu swali la wacheza dadu wa Italia. Ukirusha dadu tatu, jumla ya 9 ina michanganyiko sita, na jumla ya 10 pia ina sita. Mbona basi 10 hutokea mara nyingi zaidi? Alihesabu njia zote 216 (6 × 6 × 6) ambazo dadu tatu zinaweza kuangukia. Mchanganyiko wa 3, 3, 3 una njia moja tu. Ule wa 3, 3, 4 una njia tatu. Jumla ya 9 ikapata 25/216, na 10 ikapata 27/216. Ile ya pili ni 1/8, ya kwanza hairahisishiki. Ukiweka 1/8 kando ya 25/216, jicho halioni kitu. Ziache zote juu ya 216, utaona tofauti ni njia mbili tu.

Sasa nije kwa lililonileta hasa. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, kandokando ya ziwa, jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea, kwa sababu mwenye jeni moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Baba na mama wakiwa kila mmoja ana jeni moja, wao ni wazima. Kila mmoja humpa mtoto A, jeni ya kawaida, au S, jeni ya selimundu. Njia ni nne: AA, AS, SA, SS. Anayeugua ni mwenye SS tu, basi mtoto kuugua ni 1/4.

Wazazi wengi husikia hiyo 1/4 wakadhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba inaanza upya na 1/4 yake. Kwa watoto wawili, uwezekano wa wote kutougua ni 3/4 × 3/4, yaani 9/16. Basi wa angalau mmoja kuugua ni 7/16, karibu nusu.

Na dada wa mtoto mgonjwa, yeye mzima, karibu aolewe, akiuliza kama amebeba jeni? Wengi watamjibu nusu, kwa kuwa AS na SA ni 2/4, na 2/4 ni 1/2. Lakini huyu tunajua haugui. SS imetoka hesabuni, kama yule samaki wa kwanza alivyotoka beseni. Zimebaki njia tatu: AA, AS, SA. Mbili kati ya hizo zina jeni. Jibu lake ni 2/3, na aliyeng'ang'ania 1/2 hawezi kulifikia mpaka arudi kwenye zile nne.

Na asiishie kwenye 2/3. Aende yeye na mchumba wake wapimwe damu, kipimo cha aina ya hemoglobini. Majibu yakitoka, ile 2/3 inakuwa 1 au inakuwa 0, na ndipo watakapoijua 1/4 kama inawahusu.