Toyi-toyi: Ngoma Isiyongoja Kipaza Sauti

MWANAIDI: Karibuni. Leo tuko Afrika Kusini enzi za makaburu. Kaka Juma, wengi wakiona toyi-toyi, ile ngoma ya maandamano ya kupinga ubaguzi, kwenye picha za zamani hudhani watu wanarukaruka tu.

JUMA: Mtu aliyekimbia mchakamchaka shuleni hawezi kudhani hivyo. Goti juu, kulia na kushoto kwa zamu, viwiko vimekunjwa, wimbo wa kupokezana. Ila mchakamchaka unakwenda mbele. Toyi-toyi inapanda zaidi kuliko inavyosogea. Unatua kwa mbele ya unyayo, goti limelegea. Ukitua kwa kisigino utaacha mapema, magoti hayatakubali.

MWANAIDI: Imetokea wapi?

JUMA: Kambini. Zinazotajwa zaidi ni kambi za ZIPRA, wapiganaji wa ZAPU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, walioshirikiana na Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC cha Afrika Kusini. Miaka ya 1980 ikatapakaa kwenye vitongoji vya weusi Afrika Kusini. Nyimbo zenyewe zilikuwepo kitambo.

MWANAIDI: Kama ule wa Vuyisile Mini.

JUMA: Enhee. Mini alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi Port Elizabeth, na besi nzito kweli. Wimbo wake unamwonya Waziri Mkuu Verwoerd kwamba mtu mweusi huyo anakuja. Usipojua maneno utadhani ni wa harusini! Walimnyonga Pretoria, Novemba 1964.

MWANAIDI: Tuje 1985, maana hapo ndipo utaona kwa nini ngoma hii ilidumu.

JUMA: Mikutano ya hadhara ya nje ilishapigwa marufuku tangu 1976, kwa hiyo watu walikutana mazishini. Hali ya hatari ilipotangazwa Julai 1985, serikali ikayaandama na mazishi: bendera marufuku, mabango marufuku, vipaza sauti marufuku, kusindikiza jeneza kwa miguu marufuku.

MWANAIDI: Sasa utamnyang'anya nini mtu ambaye chombo chake ni koo na miguu?

JUMA: Ndiyo hivyo. Na tazama wimbo ulivyofungwa. Kiongozi anatoa mstari mfupi, umati unaitikia kabla hajaumaliza. Pale juu pa kiitikio ndipo anapovuta pumzi. Akikamatwa, kiitikio hakikatiki. Yeyote aliye jirani anadaka mstari unaofuata, na anaweza kubadilisha jina la waziri papo hapo.

MWANAIDI: Kwaya zetu zikiiga jukwaani, huwa zinaharibu wapi?

JUMA: Kwanza ufunguo. Kiongozi anaanzia juu ili asikike, na umati ukipata moto hupandisha zaidi. Raundi ya tatu sauti ya nne imepotea, na bila besi wimbo unabaki kelele. Anzia chini mpaka uone kama umekosea.

MWANAIDI: Na mwendo?

JUMA: Hapo ndipo penye kazi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu sekunde. Aliye mita 85 nyuma anaisikia sauti ya mbele ikiwa imechelewa robo sekunde, yaani nusu hatua. Akifuata sikio, yeye anatua wakati wa mbele wameinua goti.

MWANAIDI: Kwa hiyo afuate jicho.

JUMA: Afuate magoti ya safu iliyo mbele yake. Umati ukiwa mrefu, weka kiongozi wa pili katikati, naye aangalie miguu ya mbele, asisikilize. Halafu safu ya kwanza isiwe ya vijana watupu. Damu ikichemka wanaongeza kasi, wazee wanaachwa, pengo linafunguka. Kwenye maandamano ya kweli, pengo ndilo askari aliloingilia.

MWANAIDI: Viatu?

JUMA: Vya kamba. Ndala hapana, dada. Ikichomoka moja, safu nzima ya nyuma inajikwaa.