Kubadilisha sili ya kranki kwenye Yamaha DT ya zamani

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Niko gereji hapa Malindi, na hii ni Yamaha DT 125 ya zamani, injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Mwenyewe aliiacha chini ya mwembe miaka mingi. Sasa ukiiwasha inapanda mlio peke yake. Unaachia aksileta, haushuki. Ameshabadilisha jeti za kabureta mara mbili. Kabureta haina kosa. Ni sili ya kranki, ile pete ya mpira inayoziba pale shafti ya kranki, inayozungushwa na pistoni, inapotokea nje ya chumba chake.

Kwenye injini hii, mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chumba cha kranki, unabanwa humo, ndipo unasukumwa juu kwenye silinda. Chumba kikivuja, hewa inazidi, petroli inapungua, pistoni inachemka mpaka inakamata, yaani inakwama ndani ya silinda. Mimi ilinikamata njia ya Mambrui kwa kupuuza mlio huu huu. Nilisukuma pikipiki hadi daraja la Sabaki, jua la saa saba.

Sili ni mbili. Ya kulia, upande wa klachi, ikichoka inanyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe haukatiki na oili inapungua bila kumwagika chini. Ya kushoto, nyuma ya magineti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa cheche), ikichoka inaingiza hewa. Ndiyo ya leo.

Fungua kifuniko, toa nati ya magineti, kisha tumia pula, kifaa cha kuvutia magineti nje. Nawasihi, msigonge kwa nyundo. Kranki hii ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Ukigonga inapinda, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Kii ndogo ya shafti, kile kichuma kinachoshikilia magineti isizunguke peke yake, iweke mahali salama. Kabla ya kutoa sahani ya koili, piga alama kwa msumari kwenye sahani na kwenye injini, taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, irudi ilipokuwa.

Sasa sogea karibu. Mpira umekauka kama kifuu. Nikibonyeza kwa kucha haurudi. Natoboa tundu dogo kwenye uso wa sili, taratibu sana maana beringi iko nyuma yake, nazungusha skrubu, navuta kwa plaisi. Usichokonoe kwa bisibisi kando ya shafti.

Futa, kisha pitisha kucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa. Hapa pwani hewa ni chumvi tupu, kutu hupenda kukaa hapo. Ukihisi mfereji, sili mpya ikae mbele kidogo au nyuma kidogo, isikanyage palipolika.

Dukani nenda na sili ya zamani, usome namba zake tatu: tundu, upana wa nje, unene, zote kwa milimita. Upande wenye springi unatazama ndani, kwenye chumba cha kranki. Paka mdomo oili, funika mfereji wa kii kwa karatasi laini ya nailoni usije ukaukata mpira, halafu sukuma sili kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake. Iingie sawa pande zote.

Rudisha sahani kwenye alama. Ncha ya shafti inayobeba magineti iwe kavu, bila oili, kii iwe mahali pake, kaza nati.

Piga kiki. Vuta aksileta, achia. Umesikia? Mlio umeshuka papo hapo. Sasa ndipo ushike skrubu za kabureta.