Chaji na alama za ioni: tuandike fomula ya magadi na ya chokaa

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunaandika fomula ya magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni. Alama ya sodiamu, metali iliyomo kwenye magadi, ni Na, si S, kwa kuwa imetokana na jina la Kilatini natrium, lenye asili moja na jina la Ziwa Natron, ambako magadi hutanda ufukweni. Herufi ya pili iwe ndogo daima: Co ni metali ya kobalti, ilhali CO ni gesi yenye sumu itokayo kwenye jiko la mkaa.

Atomi ya sodiamu ina protoni 11 zenye chaji chanya na elektroni 11 zenye chaji hasi. Ikitoa elektroni moja, protoni huzidi kwa moja, nasi tunaandika Na⁺; atomi au kundi la atomi lenye chaji hivi huitwa ioni. Tafadhali lishikeni hili: alama ya kujumlisha haimaanishi kwamba atomi imeongezewa kitu, bali imepungukiwa na elektroni. Nikiwa kidato cha pili niliandika kinyume mtihani mzima, kwa hiyo narudia: kujumlisha ni kupungukiwa na elektroni.

Mwenzake katika magadi ni ioni ya kaboneti, CO₃²⁻. Samahani, mwanga wa dirisha unaufuta ubao; nasogeza kamera. Sasa mnaona kwamba 3 ya chini inahesabu atomi za oksijeni, na 2⁻ ya juu ni chaji ya kundi zima, si ya oksijeni peke yake. Chaji hasi mbili zinataka chanya mbili, basi tunachukua sodiamu mbili na kupata Na₂CO₃, kiambato kikuu cha magadi.

Chokaa ya kupaka ukuta ina ioni ya kalsiamu, Ca²⁺, na ya haidroksaidi, OH⁻, na haidroksaidi zinatakiwa mbili. Loo, kamera imenikamata nikiandika CaOH₂! Sifuti, nakata kwa chaki nyekundu, kwa sababu bila mabano ile 2 inahesabu haidrojeni tu, oksijeni inabaki moja, na fomula nzima inaharibika. Mabano kwanza, namba baadaye: Ca(OH)₂. Ndiyo maana kwenye kadi za ioni ninazouza nimeichapa OH ikiwa tayari ndani ya mabano, ingawa katika NaOH mtayaondoa.

Simamisheni video mwandike fomula ya kaboneti ya kalsiamu, iliyomo kwenye matumbawe yanayochomwa ili kupata chokaa. Tayari? Chanya mbili kwa hasi mbili, moja kwa moja: CaCO₃, bila mabano.