Kabla ya Kulaumu Mbingu, Tazameni Kalavati

(Mhadhara kwa wakulima na vyama vya watumiaji maji, Ahero, Kisumu, Kenya)

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Tangazo linasema nitazungumzia mabadiliko ya tabianchi katika bonde la mto Nyando. Sawa. Ila wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaishia kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Basi leo nianzie huko huko.

Mliofika Katuk Odeyo, kule Nyakach, mmeyaona yale makorongo. Wageni huuliza nani aliyachimba. Chukua barabara inayokata mteremko. Kabla haijajengwa, maji ya mvua yalishuka yametawanyika, kila shamba likipata kidogo, nyasi zikiyapunguza kasi. Barabara ikija, mtaro wake unayakusanya yote, unayapeleka kwenye bomba moja la saruji, na bomba linayatapika kwenye shamba la mtu mmoja. Msimu wa kwanza ni shimo la bata kuogelea. Msimu unaofuata shimo limeota ukuta. Maji yanadondoka kutoka juu, yanakula udongo wa chini, ukuta unakosa pa kusimama, unaporomoka, kisha kazi inaanza upya hatua chache nyuma. Ndiyo maana korongo hupanda mlima. Kuna moja nimewahi kusimama ukingoni mwake: nguzo ya ua ilikuwa ikining'inia hewani kwa seng'enge yake, chini hakuna kitu. Mwenye boma ameshahamisha njia ya kisimani. Mkandarasi alishalipwa zamani.

Njia za ng'ombe nazo hufanya kazi hiyo hiyo, ila taratibu. Msinune, hata mimi nina ng'ombe.

Na ule udongo unakwenda wapi? Unakuja hapa kwetu. Simameni kwenye daraja la Ahero mwezi wa Aprili, mto una rangi ya chai ya maziwa. Tope likitua, kina kinapungua, na mvua ambayo zamani mto uliimeza sasa inamwagika mashambani.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: mwalimu, mvua zimebadilika. Nani kabisha? Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Na moshi ulioleta joto lenyewe, mwingi haukutoka hapa kwetu uwanda wa Kano. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida, mvua zikafululiza, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapita rekodi yake ya kimo cha maji ya 1964. Lakini msichanganye mambo mawili. Ziwa hupata kama asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe. Likipanda pale ufukwe wa Dunga, msimlaumu mkulima wa Londiani, kule juu milimani. Nyando ikipasua kingo usiku, hapo tuna la kuzungumza naye, na sisi wenyewe pia.

Halafu kuna hii ya kupanda miti. Jamani! Tunagawiwa fulana, tunapigwa picha na mche, tunakwenda nyumbani, mche unaachiwa mbuzi. Mara nyingi ni mkalatusi, tena ukingoni mwa mto, pale pale ambapo marehemu Michuki, akiwa waziri wa mazingira mwaka 2009, aliagiza ing'olewe. Mti uliosimama kwenye udongo mtupu hauzuii maji. Yanazuiwa na kilicho chini ya mti: nyasi, majani makavu, mistari ya nyasi ndefu za nepia iliyokingama mteremko.

Nilitaka kusema juu ya msitu wa Tinderet, kule juu, na mafunjo yanayokatwa mdomoni mwa mto ili watu wapande mboga, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mafunjo yanachuja tope, yaacheni.

Moja tu kabla sijakaa. Barabara ikipimwa katika wadi yenu, nendeni siku ile mhandisi anapokuja na ramani, kabla tingatinga halijashushwa, kwa sababu baada ya hapo mtaambiwa bajeti imekwisha. Muulizeni kila kalavati itamwaga maji wapi. Akisema mtoni, mwombeni awatembeze kwa miguu kutoka mdomo wa bomba hadi mtoni. Njia ikipita shambani mwa mtu, daini mawe chini ya bomba na ngazi za kushushia maji, na viandikwe kwenye mkataba. Na asiwaambie mawe ni ghali. Kule Nyakach watu wanalima juu ya mawe.