Gwanda la afisa analipa nani?

SALMA: Assalaam aleykum wasikilizaji, tuko hapa Lamu, na leo kaka Athman ana jambo linamuwasha.

ATHMAN: Waaleykum salaam. Linaniwasha kweli dada Salma. Watu wakiona afisa kwenye gwaride, zari mabegani, vifungo vinameta, wanasema serikali imemvalisha. Kwa Waingereza na Wamarekani si hivo, askari wa chini ndo anapewa nguo za bohari, afisa nguo nyingi anajinunulia, hasa zile za dhifa, anaenda kwa fundi binafsi akapimwe.

SALMA: Si wanapewa pesa za nguo lakini?

ATHMAN: Kidogo! Marekani kwa miaka mingi sheria imeweka dola 400 hivi, mara moja anapoanza kazi, baada ya hapo mfuko wake. Askari wa chini yeye analipwa kila mwaka ya kubadilisha nguo zilizochakaa.

SALMA: Subhanallah. Uingereza je?

ATHMAN: Huko ndo kirefu. Mpaka 1871 afisa wa nchi kavu alikuwa ananunua hata cheo chenyewe, sasa mtu kanunua cheo atashindwa koti? Ikawa mashindano ya matajiri, Lord Cardigan, mkuu wa 11th Hussars, kikosi cha wapanda farasi, alimwaga mali yake kikosi kipendeze, suruali nyekundu za kubana, na mtoto wa mtu asiye na kitu akiingia pale anakopa kwa fundi, deni linamfuata miaka. Hilo linaniuma.

SALMA: Linauma, lakini yakhe usiwasahau mafundi, mie hao ndo wananivuta. Kampuni ya ushonaji ya Gieves, ya wanamaji, imeanzia Portsmouth, Hawkes ya London ilivisha wa nchi kavu, zikaungana 1974, duka likawa Savile Row nambari 1, mtaa wa mafundi London. Na vita vya Crimea, miaka ya 1850, Gieve alipakia mafundi kwenye boti akawapeleka mpaka Sevastopol, bandari ya huko Crimea, maafisa washonewe huko huko!

ATHMAN: Cherehani baharini!

SALMA: Ee! Manake koti la dhifa lina kazi wewe, fupi, linaishia kiunoni, mbele halifungwi, ukikosea kipimo kidogo tu linaonekana ukumbi mzima, ndani mna kitambaa kigumu kimeshonwa kwa mkono kifua kisimame, halafu zari yenyewe. Ni kama kofia zetu za mkono, ukiitazama mbali ni kofia tu, ukiishika ndo unajua mtu kakaa nayo miezi.

ATHMAN: Sawa, kazi iheshimiwe, lakini mimi nasema kama nguo ni lazima basi mwajiri alipe, kijana asianze kazi na deni.

SALMA: Wengine wananunua mtumba, kwa afisa anayestaafu, fundi anapunguza mikono anabadilisha vifungo viwe vya kikosi chake, koti likishikwa na mtu anayejua kazi hutambui kama lilikuwa na mwenyewe wa kwanza.

ATHMAN: Mtumba ni sawa kwa anayetaka, asilazimishwe na umaskini.

SALMA: Hapo nakubali kaka, serikali ilipe. Lakini ilipe fundi yuleyule aliyempima, isikimbilie kiwanda kutoa makoti elfu ya saizi tatu, manake hapo tutakuwa tumemuokoa afisa tukamuua fundi.

ATHMAN: Hilo nakubali, tena bila ubishi.