Swali la Mwezi wa Tatu

Mhadhara kwa wahadhiri na wanafunzi, Tabora

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi, wageni wetu, mwangaluka.

Nimeombwa nieleze kwa nini baadhi yetu tunasuasua kufundisha kwa mtandao. Jibu tulilozoea ni kwamba wazee wanaogopa kompyuta. Wapi! Mzee huyohuyo anatuma pesa kwa simu na anaangalia Simba na Yanga humohumo. Hofu yake ni nyingine: mhadhara ukisharekodiwa, kosa lake halifutiki, na usiku aliokesha akiuandaa hauhesabiwi kuwa kipindi. Mimi video yangu ya kwanza niliirudia mara tisa. Mara saba aliyeniharibia ni jogoo wa jirani.

Na elimu ya masafa haikuja na intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Lakini redio haikuachiwa kazi peke yake: palikuwa na kikundi chini ya mwembe, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kuulizwa. Chuo Kikuu Huria nacho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza na makabrasha yaliyochapwa na vituo mikoani, mahali pa kwenda kumkuta mtu. Sisi tunapakia faili, kisha tunaondoka zetu.

Nina mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sikonge. Jioni akimaliza kusahihisha madaftari anapanda kichuguu nyuma ya nyumba, maana pale chini mtandao haushiki. Video yangu ya MB 300 inazunguka, inazunguka, bando linakata. Sauti ya dakika kumi kwa WhatsApp inaingia vizuri, anaisikiliza akipika. Mtu huyo akisema mfumo wa chuo haumfai, tusikimbilie kumwita mvivu.

Nilimuuliza kinachomkera zaidi ni nini. Nilitegemea atataja bando, au kichuguu, maana masika kina siafu. Akasema, "Mwalimu, niliuliza swali kwenye mfumo mwezi wa tatu. Mpaka leo kimya."

Somo lenyewe lilikuwa langu.

Nikarudi nyumbani, nikalitafuta swali, nikalikuta, nikalijibu usiku uleule kwa kirefu, na mfano juu. Asubuhi nikakuta ujumbe: "Asante sana Mwalimu. Mtihani nilishafanya."