PSAT mapema: mtoto afanye au asubiri?

Habari zenu wapendwa. Leo hakuna mapishi wala kuzunguka madukani. Kila nikipandisha video, chini nakuta swali lilelile: "Dada, mwanangu yuko gredi ya tisa, shule inasema anaweza kufanya PSAT. Afanye au asubiri?" Wengine mko Dar, watoto wako shule za kimataifa, swali ni hilohilo. Haya, leo nalijibu.

Najua nikimtaja mwanangu mtasema najishaua, nikitaja hela mtasema watu wa mamtoni kazi yetu kulalamika. Semeni tu. Nawaeleza ya kwangu, ya hapa Houston. Mtoto wako unamjua wewe.

Moko mnaijua, ule mtihani wa majaribio, siwachoshi. PSAT ni moko ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na vyuo havitumiwi matokeo ya PSAT. Kwa hiyo mtoto akiboronga, mnajua nyinyi na shule, basi. Wenye hela ni mtihani wa Oktoba wa gredi ya kumi na moja, maana huo ndio unamwingiza kwenye National Merit, shindano la ufadhili wa masomo ya chuo. Kuna tuzo ya dola 2,500, na alama ya kuvuka ili uingie kwenye mchujo inatofautiana jimbo kwa jimbo. Wa gredi ya kumi hata apate zote, hiyo tuzo haimhusu mwaka huo. Mwakani arudie.

Wa kwangu gredi ya tisa nilikataa. Kuna PSAT 8/9 kwa ajili ya wadogo, sawa, ila aljebra alikuwa hajamaliza. Sasa akikosa maswali ambayo hajafundishwa, mimi nimejifunza nini kuhusu mwanangu? Gredi ya kumi nikasema haya, nenda.

Hapo ndipo kasheshe ikaanza. SAT unajiandikisha mwenyewe mtandaoni, unalipa, umemaliza. PSAT lazima upitie shuleni. Nikamwandikia mshauri wa wanafunzi barua pepe, kimya. Nikapiga simu, nikaacha ujumbe, kimya. Mwisho nikajibiwa kwamba orodha ya gredi ya kumi imeshafungwa. Wakati huohuo mama mwingine, mtoto wake darasa moja na wangu, alipiga simu wiki ileile na mwanae akawekwa. Lafudhi yake siyo kama yangu, niishie hapo. Nilikwenda mwenyewe na sare zangu za kazini, nikakaa pale mapokezi mpaka jina likaandikwa. Nikiwa nyumbani Tanga mngesema nina kiherehere. Huku usipokuwa nacho mtoto anaachwa.

Ada ya mtihani ni dola 18. Kuna shule zinawalipia wanafunzi, ya kwetu haikulipa, tena ikaongeza chake juu. Msamaha wa ada kwa familia za kipato kidogo upo, lakini ni wa gredi ya kumi na moja tu. Ukimpeleka mapema, ni mfuko wako.

Na kwa kuwa nimegusa mfuko, ndugu mmoja kwenye grupu la familia aliandika, "Hela ya mitihani ya majaribio unayo, mchango wa sendofu huna." Jamani! Dola 18 haifiki hata elfu hamsini. Kadi ya sendofu niliyotumiwa ilikuwa laki tatu. Tuendelee.

Siku ya mtihani akarudi anacheka: "Mama, hesabu sehemu ya pili ilikuwa laini." Nikafurahi, nikampikia pilau. Kumbe tangu 2023 mtihani ni wa kompyuta, na unakufuata ulivyo. Ukiteleza sehemu ya kwanza, ya pili inakuja nyepesi, na hapo alama za juu hazifikiki tena. Matokeo yalipotoka tukaona hesabu ndiyo imemwangusha. Tena alikuwa anatafuta majibu kwa mkono, wakati kalkuleta ya Desmos imo humohumo kwenye programu. Hajui kuifungua! Bora tumelijua hilo gredi ya kumi kuliko siku ya SAT yenyewe, ya dola 68.

Kwangu mimi faida ilikuwa hiyo tu. Tukapakua Bluebook, ile programu ya kufanyia mtihani, ina mitihani kamili ya mazoezi bure, na Khan Academy, tovuti ya masomo, nayo bure. Kampuni moja ilinipigia kuniuzia kozi ambayo bei yake inakaribia kodi yangu ya nyumba. Nikawaambia nitafikiria. Bado nafikiria.

Halafu angalieni kile kisanduku cha kukubali vyuo vikutafute. Wangu alikitia tiki, sanduku la posta likajaa vipeperushi vya vyuo vyenye picha za majani ya rangi. Bibi yake akasikia kwenye simu, akatangaza mtaa mzima mjukuu kapata chuo Marekani. Mpaka leo napokea hongera, na mtoto bado yuko sekondari.

Kwa mtoto aliyefika juzijuzi na Kiingereza bado kinamsumbua, mimi ningemwacha apumue mwaka mmoja, afanye ule wa Bluebook nyumbani mezani. Wengine watawaambia vingine, na huenda kwa watoto wao wako sahihi. Mlioko Dar, kaulizeni shuleni kabla ya Septemba, maana wakishafunga orodha, wamefunga. ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea vyuo, mmeniuliza pia, ila hiyo wa kwangu hajaigusa, kwa hiyo mimi nayo sijui chochote cha kuwaambia.